New Orleans: Vijiwe Saba Vilivyogoma Kufa

Mji huu wa Louisiana ulijengwa kinamasini. Umeungua, umeugua, umefurika, na bado Jumapili ikifika watu wanaulizana, "Tunakutana wapi?" Majibu saba haya hapa. Tunahesabu kinyumenyume, kama mfanyakazi anayehesabu siku zilizobaki kufika mwisho wa mwezi.

7. Café du Monde
Mgahawa huu ulianza mwaka 1862. Wanauza beignet, unga uliokaangwa na kufunikwa kwa sukari ya unga. Mtu wa Pwani akionja atanyamaza kidogo, kisha aulize, "Sasa hili si andazi?" Andazi ndiyo, ila limevaa kanzu ya Idi. Kahawa yake huchanganywa na mizizi ya chikori. Ushauri wa bure: usivae nyeusi, na usicheke mdomo ukiwa umejaa.

6. Jackson Square
Katikati ya uwanja yuko Jenerali Andrew Jackson juu ya farasi, sanamu ya mwaka 1856. Tarehe 8 Januari 1815 aliwatwanga Waingereza nje kidogo ya mji. Kumbe mkataba wa amani ulikwisha kutiwa saini Ghent, Ulaya, tarehe 24 Desemba 1814. Habari zilikuwa bado baharini. Siku hizi uwanja ni wa wachoraji, wapiga ramli na wapiga tarumbeta. Jenerali bado anawavulia kofia. Hakuna anayeitikia.

5. Kanisa Kuu la Mtakatifu Louis
Linatazamana na jenerali. Ijumaa Kuu ya mwaka 1788 moto ulizuka mjini, na inasimuliwa kwamba mapadre walikataa kengele zipigwe, kwa kuwa siku hiyo kengele hunyamaza. Kengele zikatii, moto haukuwa muumini. Majengo zaidi ya 800 yaliteketea, kanisa likiwemo. Wakajenga jingine. Hapa kujenga upya ni kama kufua nguo: hakuna anayeshangaa.

4. Kikanisa cha Mama Yetu wa Guadalupe
Kilijengwa mwaka 1826 kwa ajili ya ibada za mazishi ya waliokufa kwa homa ya manjano, maana watu waliogopa maiti zisilete ugonjwa katikati ya mji. Mbu, mkosaji mwenyewe, alihudhuria mazishi yote na hakuna aliyemshuku. Ndani kuna sanamu ya Mtakatifu Expedite. Watani wa mji husema ilifika ndani ya kasha lisilo na jina, limeandikwa tu "Expedite", neno la kuhimiza haraka, na waumini wakadhani ndilo jina lake. Kama faili lako limelala mezani kwa mtu miezi sita, piga magoti hapa.

3. City Park
Ekari 1,300 hivi, wakati Central Park ya New York ina 843. Mialoni yake ina mamia ya miaka. Chini ya mti mmoja waungwana wa karne ya 19 walikuja kumalizana kwa panga na bastola, eti kulinda heshima. Leo chini ya miti hiyo watu hugombania kivuli cha kutandika mkeka. Maendeleo ndiyo hayo.

2. Kanisa la Mtakatifu Augustine, mtaa wa Tremé
Hapa utani upunguze sauti. Kanisa lilipokaribia kufunguliwa mwaka 1842, Weusi huru walianza kununua mabenchi. Wazungu nao wakakimbilia kununua. Weusi wakawashinda kwa idadi, kisha wakafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wakanunua mabenchi ya pembeni na kuwapa watumwa. Nje kuna msalaba wa minyororo mikubwa, uitwao Kaburi la Mtumwa Asiyejulikana. Mwaka 2006, baada ya kimbunga Katrina, uongozi wa jimbo kuu uliifunga parokia. Waumini walipinga mpaka ikafunguliwa tena. Ukoo ulionunua kiti haunyanyuliwi kirahisi.

1. Congo Square
Mwaka 1817 wakubwa wa mji waliamua watumwa wakusanyike Jumapili tu, na mahali pamoja tu. Walidhani wamewabana. Waliokusanywa wakaleta ngoma, dansi na biashara; wapo waliodunduliza senti za soko wakajinunulia uhuru. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Hii ilivuma, haikupasuka; wanamuziki wa jazi hadi leo huihesabu kuwa bibi yao.

Mwishoni mwa karne ya 19 uwanja ukapewa jina la Beauregard, jenerali aliyepigania upande wa wamiliki wa watumwa. Wakazi wakaendelea kusema Congo. Mwaka 2011 baraza la mji likaandika rasmi jina la Congo Square, yaani likapokea barua ambayo mtaa ulikuwa umeituma zaidi ya miaka mia moja kabla. Nenda Jumapili mchana. Ukisikia ngoma, usiulize mwaliko.