Mfanye Nyungunyungu Adhani Mvua Imefika

Mvua za Shinyanga zikiaga Mei, hazionekani tena mpaka kuelekea Novemba. Nyungunyungu wa shambani analijua hilo: anazama chini, anajikunja, anagoma kula. Wewe usimsubiri. Mdanganye.

1. Jipatie kivuli. Mwembe wowote unafaa, hata wa jirani, ukimwomba vizuri. Toboa beseni chini, lifukie nusu ardhini. Tia mboji na nyungunyungu wekundu wa mboji; hao hunenepa haraka kwenye joto la nyuzi 25 hivi. Likipita 35 wanakufa. Jua la Oktoba huku linavuka 30 bila shida. Funika kwa gunia lililoloweshwa: maji yakikauka, yanaondoka na joto. Hiyo ndiyo friji yako, na haidai LUKU.

2. Kamua. Hapa ndipo wengi wanapowaua. Nyungunyungu hana mapafu; anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka hapumui. Chota konzi ya mboji, uikamue kwa nguvu zako zote. Tone moja au mawili yakitokea kati ya vidole, usiguse kitu: unyevu uko kwenye asilimia 70 au 80 hivi, nao watakua na kutaga. Pakiwa pakavu, nyunyizia. Maji yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko, umewanyima hewa. Changanya pumba za mpunga. Usinunue kipimo. Mkono unatosha.

3. Samadi iwe kuukuu. Huku Usukumani haikosekani, ila rundo bichi linachemka lenyewe mpaka kupita nyuzi 50. Liache wiki kadhaa, kisha tumbukiza mkono katikati. Limepoa? Walishe.

4. Ukiwa Geita, usichote udongo wa beseni karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, wala kwenye marudio, yaani mabaki yake. Zebaki ya kukamatia dhahabu hubaki humo, nyungunyungu huikusanya mwilini, kuku humdonoa, nawe unamla kuku. Hapa hakuna njia ya mkato, na nakusihi usiitafute.

5. Miezi miwili au mitatu ikipita, vuna bila kuchambua. Mwaga mboji kwenye turubai, kwenye mwanga, vichuguu vidogo vidogo. Wanachukia mwanga, watazama. Kwangua juu, subiri, kwangua tena, mpaka ubaki na minyoo mitupu. Irudishe kivulini upesi.

Mboji uliyokwangua itie kwenye mchicha wako. Ukishika kijani kiangazi kizima, majirani watauliza unanunua mbolea duka gani. Waache washangae siku mbili tatu, ni haki yako. Halafu wagawie konzi ya minyoo kila mmoja, na uwafundishe kukamua.