Jinsi ya Kuwanyima Mende Karamu

Mende wa nyumbani kwako anajua jambo ambalo familia nzima imelisahau: mkanda wa picha unalika. Utando unaobeba picha kwenye negativu ni wa jelatini, na jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ile bahasha ya studio iliyotupwa juu ya kabati, yenye harusi ya shangazi na akika ya kifungua mimba, kwa mende ni bakuli la supu ya makongoro. Anywe bure, tena kila usiku? Hapana. Tumnyime.

Anza kwa kuhama. Juu ya kabati hapafai, maana joto la bati hukusanyika huko. Chini ya kitanda hapafai, sakafu hutoa unyevu. Stoo ni makazi rasmi ya panya, na jikoni hata usipafikirie. Chagua chumba cha ndani, kabati lisiloegemea ukuta wa nje, rafu ya katikati.

Adui wa pili hana miguu. Ukungu huota hewa ikishapita unyevu wa asilimia 60 hivi, na Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Aliye Nairobi ana nafuu, lakini asijisahau. Weka negativu kavu, zisizo na harufu, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja na viatu vipya. Navyo hushiba maji, kwa hiyo vibadilishe. Ukikuta ukungu umeshaingia, usikimbilie maji na sabuni: ukungu huilainisha jelatini, na picha inaweza kuondoka pamoja na povu. Wala usizianike juani. Zipeleke penye hewa kavu kwanza, kisha umtafute mtu anayeijua kazi hiyo.

Sasa fungua kopo unuse. Nasema kweli, nusa! Mikanda mingi ya karne iliyopita ni ya asetati, na asetati ikianza kuoza hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Katika nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, mkanda mpya huchukua kadiri ya miaka 40 kabla ya kuanza kunuka hivyo. Kwa joto letu la pwani muda huo hupungua sana. Mbaya zaidi, asidi hiyo huharakisha uozo wenyewe, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Unaonuka utenge leo, uuache upate hewa, na uwe wa kwanza kunakiliwa kwa skana kabla haujajikunja na kusinyaa. Ukirithi mikanda ya kabla ya miaka ya 1950, kuwa mwangalifu zaidi: baadhi ni ya naitreti, ambayo ikishika moto huendelea kuwaka hata chini ya maji. Hiyo isilale ndani ya nyumba ya watu.

Kila ukanda upate mfuko wake, wa polipropilini, wa polista au wa karatasi isiyo na asidi. Ikimbie plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu kali ikiwa mpya. Hutoa kemikali na kung'ang'ania negativu. Mipira ya kufungia pesa nayo ina salfa, adui wa fedha iliyomo kwenye picha nyeusi na nyeupe. Shika kingo tu, na mikono iwe imeshamaliza habari ya mandazi.

Utaambiwa: “Si tumeshaskani? Tupa!” Usitupe. Skana hunakili kile inachoweza kukiona leo, na simu yenye nakala hizo ina safari zake za majini. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Mji Mkongwe mwaka 1930, mwanawe Rohit akaendeleza, na leo Unguja ya kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964 ina nyuso kwa sababu kazi ile haikuishia jalalani. Mtaani kwako hakuna Oza. Kuna bahasha yako. Andika kwenye mfuko, kwa penseli, majina ya waliomo, mahali na mwaka, wakati bibi bado anawatambua.

Negativu za rangi ndizo dhaifu kuliko zote, kwani rangi zake hufifia hata gizani. Dawa yake ni baridi. Zifunge kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, uziweke kwenye friza, mbali na samaki. Siku ya kuzitoa, ziache zimefungwa mpaka kesho yake. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa ya nje utageuka maji juu yake, na kazi yote ya kuukimbia unyevu utairudia upya.