Kabla Dalali Hajaleta Mteja

Kwanza, mpokonye dalali simu. Ameshatangaza mtaa mzima kuwa nyumba yako "ina hati, haina mgogoro", na wewe hati hiyo hujaitia machoni tangu ilipofungiwa sandukuni. Itoe leo usome jina lililoandikwa. Kama ni la marehemu mzee, bado huna nyumba ya kuuza; una mirathi ya kufungua mahakamani, tena na ndugu ambao hata siku ya kukutana hawajaafikiana. Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenzako aridhie kwa maandishi. Hiyo ni haki yake kisheria, usimfiche.

Sasa njoo kwenye pango la ardhi. Hapa ndipo wengi hukwama, na inauma kwa sababu hawakuwa na nia ya kukwepa. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, basi mtu kila akinunua umeme huamini amemalizana na serikali. Hajamalizana. LUKU inakata kodi ya jengo. Pango ni la kiwanja, hulipwa kila mwaka kivyake, na usipolipa deni linaendelea kukua huku wewe umelala. Mnunuzi makini atafanya upekuzi ofisi ya ardhi, na deni hilo atalikuta kabla hajakuta jambo lingine. Omba namba ya malipo, ulimalize, utunze stakabadhi.

Halafu risiti. Ukiuza, TRA hudai kodi ya ongezeko la mtaji, na kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Tuseme nyumba yako ya kupangisha imeuzwa milioni 120, na una karatasi zinazoonyesha kuwa kiwanja na ujenzi vilikugharimu milioni 100. Faida ni milioni 20, kodi ni milioni 2. Mwenye nyumba kama hiyo asiye na uthibitisho wa gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 120 hiyo si chini ya milioni 3.6. Zaidi ya milioni moja na nusu imekwenda kwa sababu risiti za saruji, nondo na mabati ziliachwa kwenye gari la mizigo! Kwa hiyo wewe unayejenga sasa hivi, dai risiti ya mashine kwa kila mfuko. Fundi naye akipokea fedha, atie saini.

Nyumba uliyoimiliki kwa miaka 3 au zaidi, na ukaishi humo jumla ya miaka 3, haitozwi kodi hii iwapo faida haizidi milioni 15. Andaa ushahidi kwamba uliishi humo.

Atakuja mtu wa kukushauri: "Mkataba muandike nusu ya bei." Mkatae hapohapo. Ni udanganyifu, na mthamini wa serikali ana macho. Anayeumizwa zaidi ni mnunuzi. Siku naye atakapouza, gharama yake kwenye karatasi itakuwa ile nusu, na faida itahesabiwa kana kwamba nyumba aliipata kwa bei ya kutupa. Mnunuzi, ukisikia pendekezo hilo, ondoka.

Msajili wa hati hatabadilisha jina bila cheti cha TRA kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji. Maana yake ni kwamba pazia unaweza kuhamisha, umiliki hauhami. Nenda ofisi ya TRA ya eneo lako na TIN, hati na bahasha ya risiti, ukaulize kodi yako itafika kiasi gani. Pata hesabu hiyo kwanza, ndipo utaje bei.