Nyanya za Uzi Mwekundu

Muuza pembejeo alitamka kwa upole kwamba mbegu ya pakiti ya bluu haiji tena, kampuni imeiacha. Mke wangu aliondoka bila kuaga. Tangu tuanze kulima uani hapa Arusha, hiyo ndiyo nyanya pekee aliyoikubali: nene, ndefu kidogo, ukiikaanga haikujazii sufuria maji.

"Zimebaki chache kwenye kapu," alisema njiani. "Si zina mbegu?"

Nikamkumbusha kwamba ile ni chotara. F1 ni mtoto wa kwanza wa mbegu mbili safi zilizozalishwa pamoja, na hao wazazi ni siri ya kampuni. Ukipanda mbegu za mtoto huyo, wajukuu wanatoka kila mmoja na sura yake. Si kama Tengeru 97, iliyotolewa mwaka 1997 na watafiti wa hapo Tengeru: hiyo ukihifadhi mbegu zake vizuri, unavuna Tengeru 97 ileile.

"Basi kaoe Tengeru," akanijibu.

Mbegu zikaingia kwenye chupa pamoja na majimaji yake, zichachuke ule utelezi utoke. Baada ya siku mbili tatu chupa ilikuwa na ukungu juu na harufu ya mbege iliyolala. Shemeji yangu, aliyekuja mjini kutafuta kazi na mpaka sasa kazi yake ni kufungua friji, aliinusa, akaonja, akatangaza kwamba juisi imeharibika, akaimwaga kwenye sinki. Dada yake aliziokota mbegu kwa chujio la chai, kimya kimya. Jioni ile hakuna aliyethubutu kuulizia chai.

Miche ilipozaa, wajukuu wakajitokeza kweli. Huyu kapanda hadi dirishani, yule kagoma kwenye usawa wa goti. Huyu matunda kama golori, yule yana ncha. Mmoja tu ulifanana na marehemu, na mke wangu akayafunga matunda yake uzi mwekundu. Hesabu yake ilikuwa sahihi: nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe, na kila kizazi mchanganyiko hupungua kwa nusu. Kizazi cha pili unabaki asilimia 50, cha tatu 25, cha sita kama 3. Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri na kuvumilia.

Uvumilivu ulikuwepo. Kisha akaja mama mkwe kutoka Marangu.

"Mmejipanga sana wanangu," alisema mezani akitugawia kachumbari. "Hadi zilizoiva mmenifungia uzi!"

Nani atamfokea mama mkwe? Mke wangu alianza kuzitenga mbegu pembeni ya sahani, moja moja, zikiwa zimelowa chumvi na ndimu. Mama yake akamtazama kwa furaha. "Siku hizi mbegu zinakushinda? Au kuna habari hamjatuambia?" Meza nzima ikamwangalia tumbo.

Kilichotuokoa ni kitu nilichokuwa nimekinung'unikia. Mwanzoni kabisa mke wangu aligawa mbegu kwa majirani, zimefungwa kwenye karatasi za daftari, maana ndoo zetu za uani zisingetosha kuonyesha kila aina ya mjukuu. Mwalimu mstaafu wa nyuma ya ukuta alikuwa ameipa kila shina namba na kuliandikia tabia, kama wanafunzi. Mashina mawili aliyapa "vizuri sana". Mama muuza genge naye alikuwa na lake, na haoni kwa nini abishane na watu wasiouza nyanya.

Jumapili tukapika mchuzi kwenye sufuria tatu, bila kuweka kiungo kingine. Mwalimu akachagua sufuria ya kwanza, yake. Mama genge akachagua yake. Mke wangu akasema zote bado. Ile ya zamani ilikuwa na ukali fulani, ingawa alipoulizwa ukali gani alishindwa kueleza. Pakiti ya bluu yenyewe haipo tena ya kutuamua. Tukamgeukia shemeji, asiye na shamba wala upande. Akasema kijiko kimoja hakitoshi kutoa hukumu, apewe sahani tatu, na ugali.