Mota ya Pamba na Asali ya Shemeji

Unaingia kwenye yadi ya chuma chakavu kutafuta bolti mbili, unatoka na mota ya farasi 20 iliyowahi kuendesha mashine ya kuchambua pamba. Muuzaji aliinadi kama mshenga: haina kelele, haina kutu, imetoka kiwanda cha watu wazima. Uzito hakuutaja. Ni kilo 130 na ushei, ukihesabu na kitako chake.

Uzito aliupiga hesabu dereva wa kirikuu, Mzaramo, mtani wetu. "Mpagazi alibeba frasila mbili, kilo 32 hivi. Basi hii ni wapagazi wanne. Babu zenu Wanyamwezi walitoka hapa Tabora na pembe hadi Bagamoyo, ninyi kundi zima mmeshindwa kuvuka mtaro wa Isevya!" Mtani hakasirikiwi. Tulivuka, ila kucha ya kidole gumba cha shemeji ilibaki mtaroni.

Nilijipa moyo kwamba Tabora ina historia ya kugeuza mitambo. Mwaka 1916, manowari za Waingereza zikiwa zimeziba bahari, Wajerumani waliifanya karakana ya reli ya hapa kuwa kiwanda cha sarafu, wakapiga sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo. Wao walitoa dhahabu. Mimi nilitaka asali tu. Shemeji ana mizinga ya fremu porini Sikonge, na alichoka kukamua kwa mikono. Nikampata fundi wa kuchomelea, nikapata pipa la chuma kisichoshika kutu (kwa asali usikubali jingine), zikabaki puli na mkanda.

Mota hiyo inataka umeme wa fezi tatu. Kwangu ni fezi moja, inayotosha taa, friji na ugomvi wa pasi. Tukaihamishia kwa jirani mwenye mashine ya kusaga nafaka, naye akakubali kwa ahadi ya lita tano.

Mashine ya kukamulia asali huzunguka polepole, mara 300 hivi kwa dakika. Mota yangu huzunguka 1,440. Dawa yake ni rahisi: puli ndogo kwenye mota, kubwa mara tano kwenye pipa. Kijana wa fundi alifunga kubwa kwenye mota. Kwa hesabu, pipa lilitakiwa kufika 7,200. Halikufika, kwa sababu asali iliwahi kutoka. Jirani alibonyeza swichi, kukasikika mngurumo, masega yakapasuka, na asali ikaruka ukingo wa pipa ikapaka ukuta, mizani, kalenda na bibi mmoja aliyeleta mahindi ya dona. Bibi alilamba mkono kwanza, kisha ndipo akatutukana.

Kesho yake, kufika saa nne asubuhi, nyuki walikuwa wamejaa mlangoni. Wateja waliacha ndoo kwenye foleni wakasimama ng'ambo ya barabara, kila mmoja akipaza sauti kulinda nafasi yake. Tulisugua kwa maji ya moto hadi magharibi, lakini kinu tulikifuta kwa nje tu. Wiki ile nusu ya Isevya ilikula ugali wenye utamu wa mbali, watoto wakaomba nyongeza, na jirani akapandisha bei ya kusaga.