Mwongozo kwa Atakayezaliwa Nyumba ya Omena, Makongeni

Kama bado hujazaliwa na una nafasi ya kuuliza maswali, uliza mapema mama mtarajiwa anauza nini. Mboga ni sawa. Mitumba ni sawa zaidi, utavaa vizuri. Akisema samaki, muulize wapi. Akijibu Mbita au Dunga, kule ziwani, kubali bila kusita: huko kila mtu ananuka samaki, kwa hiyo hakuna anayenuka. Akijibu Thika, kaa chini kwanza usome haya.

Thika iko karibu kilomita 400 kwa barabara kutoka Ziwa Victoria. Ina mito miwili, Chania na Thika, inayoporomoka kando ya hoteli ya Blue Posts, ambayo ipo pale tangu mwaka 1908 ikiwauzia watu chai na mandhari. Katika miaka yangu yote sikuona mtu akipata riziki ya samaki kwenye maporomoko hayo. Mtoto wa mvuvi kule Barbados akiamka huiona bahari, huiona mashua, humwona baba akiteremsha samaki anayeruka, yule yule aliyechorwa kwenye sarafu ya dola moja ya kwao. Wewe utaamka uone gunia la omena, wale dagaa wa ziwani. Sarafu zetu za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Omena hakuulizwa.

Jambo la kwanza ni harufu, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu nayo itakaa nawe. Usiwasikilize wanaokwambia kwamba utazoea. Utazoea wewe, sweta ya shule haitazoea. Mikono haina shida, maana huoshwa kwa ndimu, kwa majivu, kwa sabuni ya kipande, na kwa kila dawa ambayo shangazi yeyote amewahi kusikia habari zake. Harufu hujificha usikoitafuta: kwenye kamba za viatu, kwenye daftari la hesabu, kwenye noti uliyopewa ya nauli. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande huu kitanda, upande ule magunia matatu ya omena, na usiku wa joto magunia yalipumua kuliko sisi. Darasani utaitwa Omena. Usipigane. Darasa letu lilikuwa na Omena, Makaa na Mafuta Taa, na mwalimu mgeni aliweza kuita majina akiwa amefumba macho.

Paka wote wa mtaa wetu wa Makongeni watakujua. Hilo nalo si urafiki.

Jambo la pili ni safari. Mama ataamka saa tisa usiku kwenda Gikomba kuchagua samaki waliofika na barafu kutoka ziwani, na shule zikifungwa utapelekwa kumsaidia kubeba. Kwenda hakuna tatizo. Kurudi, makanga ataitazama ndoo, atamtazama mama, kisha atasema, "Mathe, hiyo italipa kiti." Mama atakataa. Watabishana mpaka gari lijae, na hapo ubishi utakwisha kwa sababu ndoo imeshaingia. Keti nyuma kabisa, ibane ndoo kwa miguu, tazama nje kama mtu asiyeifahamu. Hatari yenyewe ni Githurai. Dereva akikanyaga breki pale, maji ya barafu hutoka chini ya kiti chako na kuanza safari yao wenyewe kuelekea kwa abiria wa mbele, polepole, yakifuata mifereji ya sakafu, hadi yafike kwenye viatu vya mtu anayekwenda kuhojiwa kazi. Barabara mpya ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, watu walisifu njia za juu na taa. Nyumbani kwetu tulisifu kupungua kwa breki.

Sasa majirani. Wengi watakuwa Wakikuyu, na wazee wao walikua bila kula samaki kabisa. Kwao kitu kisicho na miguu na kinachokutazama kutoka kwenye sahani hakikuwa chakula cha mtu mzima. Cucu wa nyumba ya mwisho alipita mlangoni kwetu miaka yote amejifunika pua kwa kona ya leso. Usimwonee hasira. Mwangalie tu anakwenda wapi, kwa sababu anakwenda kununua mayai. Kiambu ni nchi ya kuku wa mayai, na kuku hao hulishwa chakula kilichosagwa na kuchanganywa na omena. Omena nyingi inayovuliwa ziwani haifiki kwenye sufuria ya mtu, huenda kwa kuku. Mama alikuwa na gunia la watu na gunia la kuku, la pili likiwa na mchanga na vichwa vilivyovunjika, na wafugaji wa kutoka Gatundu walilinunua lote kwa mara moja bila kuomba nyongeza. Mfugaji akizidisha omena, yai lenyewe hunuka samaki. Cucu aliwahi kulalamika kwamba mayai ya siku hizi yana harufu ya ajabu. Mama alimpa pole.

Utatakiwa pia kujifunza lugha. Usimwambie kastoma "samaki" kama mtu aliyeteremka jana. Kuna ngege, yaani tilapia, ambaye hununuliwa na mwenye wageni. Kuna mbuta, yaani sangara, aliyeletwa ziwani na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 na akawala wenyeji wake, jambo ambalo baba alilisimulia kila mara kwa sauti ya kumaanisha mengine. Minofu ya mbuta hupanda ndege kwenda Ulaya. Kinachobaki kiwandani ni kichwa na mkia vinavyoshikanishwa na uti, na hicho kikikaangwa huitwa mgongo wazi, nacho ndicho utakachokula wewe. Usikidharau. Nyama ya shavuni ina utamu ambao Ulaya hawajui walichokiacha. Mwiba ukikukwama kooni, meza tonge la ugali bila kutafuna. Ukikwama tena, meza kubwa zaidi, na usimwambie mama, maana yuko na wateja.

Halafu kuna samaki wa China, anayekuja kwenye katoni akiwa mgumu kama tofali, wote wa kimo kimoja kama wanafunzi kwenye gwaride. Ni wa bei nafuu na huuzika. Mama alimuuza lakini hakumpika. Kastoma akiuliza, "Huyu ni wa ziwa?" mama alijibu, "Huyu ni mtamu." Kariri jibu hilo. Sijapata kuona jibu lililotunza maisha ya watoto wanne kwa maneno matatu.

Kuhusu daftari la madeni nitasema machache, kwa kuwa baadhi ya waliomo bado wako hai. Litunze kuliko kitabu cha kusoma. Mwalimu anayedaiwa ngege wawili huona jibu lako limekaribia sana kuwa sahihi.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo bunge 140, na kwa muda tukadhani kazi yetu imekwisha. Watu waliokuwa wakiziba pua wakaonekana wamevaa gambuti, wakibishana juu ya vifaranga vya ngege. Jamaa mmoja wa upande wa Gatanga alimletea mama mavuno yake ya kwanza kwenye beseni. Mama alimgeuza mmoja, akafunua matamvua, akasema, "Baba, hawa ni watoto. Warudishe shule." Baadaye nilisikia bwawa lake limekuwa la kuogea bata.

Nimechelewesha makusudi jambo zito zaidi, kwa sababu ndilo ambalo hakuna atakayekueleza. Nyumba yako Thika itaongozwa na mwezi. Si mwisho wa mwezi, mshahara na kodi. Namaanisha mwezi ulioko mbinguni. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi za sola, wadudu huifuata taa, omena huwafuata, na wavu huzungushwa. Mbalamwezi ikiwa kali, nuru imetapakaa ziwa zima, taa haina cha kuita, na mashua hurudi nyepesi. Siku chache baadaye gunia linapanda bei Gikomba, na siku inayofuata mama anakwambia viatu vya shule bado vina maisha. Watoto wengine wa plotini walitoka nje usiku wa mwezi mpevu kucheza kibe. Nasi tulitoka, tukacheza, lakini tulijua kwamba juma hilo ni la sukuma wiki. Giza likirudi, nyama ilirudi. Miaka mingi niliamini kila familia duniani hula vizuri gizani.

Na hapo sijataja kufungwa kwa ziwa. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena husimamishwa ili izaane. Sababu ni njema na siipingi. Naomba tu ieleweke kwamba omena huzaana wakati ule ule ambapo shule hufungua muhula wa pili na kutaka karo. Mama alijaza gunia mwezi wa Machi kama mtu anayengojea vita, na sisi tulilala tumezungukwa pande tatu.

Ziwa lenyewe nililiona nikiwa na miaka 12. Tulishuka ufuoni Dunga, nikatazama maji yasiyo na ng'ambo, na kitu pekee nilichoweza kumwambia mama ni kwamba hapa hapanuki. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Siku hizi napanga Ruiru, ghorofa ya nne, karibu na Bypass. Keateka amebandika tangazo kwenye ngazi: hairuhusiwi kuchoma makaa kwenye veranda, kufuga kuku, wala kuanika samaki. Nilimuuliza nani aliwahi kuanika samaki. Akanitazama kichwani hadi miguuni, akasema tangazo liliwekwa nilipolipa depositi. Sikujua hata alinusa nini. Nilikuwa nimevaa suti.

Mwezi uliopita stima ilipotea mtaa mzima. Wapangaji walipanda juu ya paa wakiwa na simu zao, kwa kuwa mwezi ulikuwa umetoka mkubwa na mwekundu upande wa Ol Donyo Sabuk, na kila mmoja alitaka picha. Msichana wa chumba cha pili alisema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Niliteremka ngazi mbili, nikampigia mama.

"Umeuona?" nikamuuliza.

"Nimeuona," alisema. "Nilinunua gunia mbili jana. Una elfu tatu hapo?"