Sifa za Jaribio Lililoharibika

Katika darasa la kwanza la baiolojia kwenye chuo cha jamii huko Marekani, kitu kinachoongoza kwa kuchorwa ni kiputo cha hewa. Mwalimu ameagiza seli ya shavu: mwanafunzi ajikwangue ndani ya mdomo kwa kijiti, apake kwenye slaidi, adondoshee rangi ya buluu, afunike kwa kioo chembamba, kisha achore anachokiona. Lakini seli ya shavu haina haya ya kukosa umbo. Imejikunja, imepauka, imelaliwa na wenzake. Kiputo, kwa upande wake, ni duara safi lenye ukingo mweusi, kimetulia, na kinaonekana hata kwa jicho lililokesha. Basi kinachorwa kwa penseli iliyochongwa, kinawekewa mishale, na mshale mmoja unaandikwa "kiini". Anayeshika nafasi ya pili ni ukope wa mchoraji mwenyewe, ambao huripotiwa kuwa bakteria mrefu wa aina isiyojulikana. Wapo wanaoona aibu kwa niaba ya wanafunzi hawa. Mimi nawatetea. Nadai kwamba ajali za maabara ndizo sehemu ya somo inayolipiwa ada, na kwamba anayemaliza muhula bila kuharibu chochote amenunua kwa bei kubwa kitu ambacho angekisoma kitabuni akiwa amelala kitandani.

Vyuo hivi ni vya umma, vya miaka miwili, na mlango wake uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari. Kikongwe chao kipo Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901. Kwa sababu ya mlango huo, benchi moja la maabara huweza kuwakusanya kijana wa miaka 18 aliyeletwa na wazazi, askari mstaafu, na mama wa watoto watatu aliyetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee akiwa bado na sare yake. Wakenya, Watanzania na Wakongomani wengi walioko Marekani wanavifahamu vizuri, maana njia ya uuguzi mara nyingi hupita huko: kabla ya kupokelewa, mtu hudaiwa anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, na katika vyuo vingi geti la hayo yote ni baiolojia ya mwanzo. Hawa hawana muda wa kuchezea. Ndiyo maana inachekesha, na inauma kidogo, kuwaona wakikimbizana na paramesiamu. Hadubini hupindua kila kitu: ukisogeza slaidi kulia, kiumbe huyo wa seli moja anakwenda kushoto, ukimfuata kushoto, anaishia kulia. Mtu mzima anayeendesha gari kwenye barabara ya njia sita anashindwa kumfuata kiumbe asiye na macho. Akimpata, anataka amwone vizuri zaidi, anageuza lenzi kubwa, anazungusha skrubu ya kukoleza picha, na kwa kuwa lenzi hiyo hufanya kazi ikiwa chini ya milimita moja juu ya kioo, tunasikia "kra". Paramesiamu ameokoka. Kioo hakikuokoka.

Nzi wa matunda nao wana sura yao peke yao. Thomas Hunt Morgan aliwafuga Columbia, New York, kwenye chupa za maziwa kwa ndizi zilizoiva, na mwaka 1910 akamwona dume mwenye macho meupe aliyefungua njia ya kuelewa jinsi tabia zinavyorithiwa pamoja na jinsia. Wanafunzi wa leo huwapata nzi hao hao na dawa ya kuwatia usingizi. Dawa ikizidi, wanakufa wote na jaribio linageuka msiba. Ikipungua, wanaamka katikati ya hesabu, macho mekundu na meupe yote juu, na wiki nzima mtu akifungua mkebe wa chakula ukumbini anapokewa na wajukuu wao. Ripoti inayoandikwa baada ya hapo ina safu moja ya ziada ambayo haimo katika mwongozo: "walioruka".

Sasa tuulize kama baiolojia yenyewe, ile ya wakubwa, ilikua kwa njia iliyonyooka kuliko hiyo. Mwaka 1923 Theophilus Painter wa Chuo Kikuu cha Texas alitangaza kwamba binadamu ana kromosomu 48. Alikuwa mchunguzi makini, lakini kromosomu katika vipande vyake zilirundikana, na kuzihesabu ilikuwa kazi ya kubahatisha kwa heshima. Vitabu vikaikubali 48, walimu wakaifundisha, watu wakafaulu mitihani kwa kuijibu. Mwaka 1952, huko huko Texas, mjini Galveston, T. C. Hsu akachungulia hadubini na kukuta kromosomu zimetawanyika vizuri. Alijaribu kurudia, ikashindikana, mpaka akang'amua kwamba mtu fulani maabarani alikosea vipimo akachanganya maji yenye chumvi pungufu. Seli zilifyonza maji, zikavimba, kromosomu zikaachana. Aliyekosea hajajulikana hata leo. Na hapa ndipo utamu ulipo: Hsu, akiwa na picha safi kuliko zote zilizowahi kupatikana, aliendelea kukubali 48, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kitabuni. Ilibidi Joe Hin Tjio na Albert Levan, kule Lund, Sweden, wazihesabu upya na kutangaza mwaka 1956 kwamba ni 46. Kosa la kupima chumvi liliisogeza sayansi mbele. Jibu "sahihi" lililokaririwa liliizuia zaidi ya miaka 30. Mwanafunzi aliyekosea kipimo cha maji ya chumvi ya kulowekea vipande vya viazi wiki ya nne ana ukoo mzuri kuliko anavyofikiri.

Kuna ushahidi wa upande wa pili pia, wa majaribio yaliyokwenda vizuri mno. Gregor Mendel alipanda njegere kwa maelfu katika bustani ya watawa mjini Brno, na makala yake ya 1866 ndiyo iliyotupa ule uwiano wa 3 kwa 1. Mwaka 1936 mtakwimu R. A. Fisher alizipitia hesabu zake akaona zinakaribia matarajio kupita kiasi; bahati ya kawaida haiwi nyoofu hivyo. Fisher hakumtuhumu mtawa. Alishuku msaidizi aliyejua mno kinachotarajiwa. (Msaidizi wa maabara, mtaona, hana bahati katika historia hii.) Wataalamu wamebishana juu ya jambo hilo tangu hapo, lakini fundisho kwa darasa ni jepesi: mbegu zikizaa 3 kwa 1 kamili bila hata moja kupungua, la kwanza la kufanya ni kumtazama mwenye kalamu.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Watu hawa wanakwenda kuwa wauguzi. Mgonjwa hataki muuguzi mwenye ukoo na makosa ya chumvi. Kweli kabisa. Lakini tazama chumvi hiyo inavyofanya kazi. Maji ya kawaida ya dripu yana chumvi ya asilimia 0.9, na kila mwanafunzi anaweza kuikariri tarakimu hiyo jioni moja na kuisahau asubuhi. Aliyetia tone la damu ya kondoo katika maji matupu kwa kukosea chupa, akaona seli nyekundu zikivimba na kupasuka hadi hakuna cha kuchora, haisahau. Ni bora nani afe, kiazi na damu ya chupa, au mzee wa wodi namba tatu? Maabara ya mwanzo ni mahali pa nadra ambapo kosa lina bei ya kioo kimoja.

Wengine watasema hayo yote siku hizi yanafanyika kwenye kompyuta, bila harufu ya dawa ya kuhifadhia na bila nzi kwenye chakula. Hapo ndipo penye kasoro. Maabara ya kompyuta haina viputo. Seli ya shavu inatokea katikati ya skrini, imepakwa rangi, kiini kikiwa mahali pake, na mwanafunzi anajifunza kwamba maumbile hujitokeza ukibonyeza. Kwa anayeishi mbali au asiye na mtu wa kumwachia mtoto ni msaada mkubwa, na sitamcheka. Ila asiambiwe kwamba ni kitu kile kile.

Pingamizi la tatu silipuuzi: wengi huacha masomo haya kabla ya mwisho, na kusifu maharibiko ni anasa mbele ya mtu anayeshindwa. Ila huyo kwa kawaida ameangushwa na zamu zilizobadilishwa ghafla, gari lililokataa kuwaka, na ada ya kitabu. Hadubini haimo katika orodha hiyo. Kumpunguzia maabara ili afaulu ni kumpunguzia dawa ili apone haraka.

Kwa hiyo, msomaji unayejiandikisha muhula ujao, chagua darasa lenye maabara ya kushika kwa mkono, hata kama lililobaki ni la Jumamosi asubuhi. Chora ulichokiona, hata kama hakifanani na cha kitabuni, na uandike kwa nini unadhani kilitokea hivyo. Nanyi walimu, toeni alama kwa maelezo hayo kabla ya kutoa kwa jibu. Ripoti ya nzi yenye 3 kwa 1 kamili irudisheni kwa mwenyewe, ahesabu tena pamoja na walioruka.